Milioni 100 kwa Kila Mtu: Sheria ya Fantasi Ilivyosafiri Kutoka New York Mpaka Same

Jumamosi ikikaribia saa saba mchana, pale Same mjini kuna watu wanakuwa bize kuliko kawaida. Mmoja amekaa juu ya bodaboda yake stendi, anasubiri abiria wa basi la kutoka Dar. Mwingine yuko nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwingine ni mwalimu aliyeshuka kutoka milimani kuja kutoa hela kwa wakala. Wote macho kwenye simu. Hawachati na wala hawabeti. Wanapanga kikosi.

Mechi ya mapema ya Ligi Kuu ya Uingereza inapigwa saa nane na nusu kwa saa za huku, na mchezo wa Fantasy Premier League, ambao wadau wanauita FPL au fantasi tu, unafunga mlango dakika 90 kabla. Uingereza ikirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, mlango unafungwa saa nane kamili. Ukichelewa hata dakika moja, imekula kwako.

Huko Suji na vijiji vingine vya Pare Kusini, ambako Wasabato walianza kazi yao tangu 1903, hesabu ni nyingine kabisa. Kwa Msabato anayeishika siku yake, mwisho ni jua la Ijumaa likizama. Straika wake akitangazwa majeruhi Jumamosi asubuhi, ndiyo basi tena.

Ila kitu kinachowaweka wote hawa meza moja ni pochi. Bodaboda ana milioni 100. Mwenye duka ana milioni 100. Mwalimu naye ana milioni 100. Kwenye maisha ya kawaida hao watatu hawalingani mfukoni hata siku moja, lakini pale kwenye simu hakuna mwenye nacho wala asiyenacho. Sheria hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu walikaa wakaitunga, kuna wengine waliigomea, na ukiifuatilia vizuri utakuta hata historia ya Same yenyewe ina neno la kusema juu yake.

POCHI YENYEWE INAFANYAJE KAZI

Kwa ambaye hajawahi kucheza, iko hivi. Unapewa milioni 100 za paundi, za kufikirika tu, hakuna hata senti ya kweli. Kwa hela hiyo unasajili wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu. Siyo 14, siyo 16. Halafu klabu moja haitoi zaidi ya wachezaji watatu, hata kama unaipenda Arsenal mpaka umeichora ukutani.

Kila wiki unapanga 11, wanne wanakaa benchi. Lazima uwe na kipa mmoja, mabeki wasiopungua watatu na mshambuliaji angalau mmoja. Unamchagua nahodha, na pointi zake zinazidishwa mara mbili. Straika akifunga unapata pointi 4, kiungo 5, beki 6. Wakifanya vizuri uwanjani kweli, na wewe unapanda.

Sasa angalia hesabu. Milioni 100 ukigawa kwa watu 15, kila mmoja anapata kama milioni 6.7 hivi. Mastaa wakubwa wanafika hata milioni 14. Ukimchukua mmoja wa 14 na wawili wa 10, umeshatumia 34. Imebaki 66 ya kununua watu 12, yaani 5.5 kwa kila mmoja. Hapo ndipo unapoanza kumtafuta beki wa milioni 4 anayechezea timu ambayo hujawahi hata kuiangalia. Huyo beki wa milioni 4 ndiye anayekulipia staa wako. Ukimkosea, staa anakuwa mzigo.

Kuna na sheria za kukuzuia usiwe kigeugeu. Kila wiki una badiliko moja la bure. Usipolitumia linawekwa akiba, na tangu msimu wa 2024/25 unaweza kulimbikiza mpaka matano. Ukitaka kubadilisha zaidi ya uliyonayo, kila mchezaji wa ziada unakatwa pointi 4. Na bei nazo zinatembea: mchezaji akinunuliwa sana anapanda, akitupwa anashuka. Ukimnunua kwa 7.5 akapanda mpaka 7.8, ukimuuza hupati 7.8. Unapata 7.6, kwa sababu unachukua nusu tu ya faida na inashushwa mpaka desimali ya chini. Ni kama mchezo wenyewe unakata ushuru.

Ukiziangalia sheria hizi zote kwa pamoja, utaona zinafanya kazi moja. Zinamzuia mtu mmoja asichukue kila kitu kizuri.

PROFESA, SEMINA NA DOLA LAKI MOJA

Mwanzo wa mambo haya hauko Uingereza na wala hauko kwenye soka. Uko Marekani, kwenye besiboli, ule mchezo wa mtu mmoja kurusha mpira na mwingine kuupiga kwa gongo kisha kukimbia kuzunguka vituo vinne.

Mwaka 1960, msomi mmoja wa sosholojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard aliwakusanya wenzake kadhaa. Kila mmoja akapewa bajeti ya kufikirika ya dola 100,000 kununua wachezaji halisi wa besiboli. Msimu ukiendelea walihesabu takwimu za wachezaji wao, na mwisho wakaona nani alikuwa na jicho zuri. Mchezo wakauita semina. Ukisikia profesa anaenda kwenye semina huwezi kudhani anaenda kugombania wapiga gongo.

Baadaye profesa huyo alihamia Chuo Kikuu cha Michigan na mchezo ukahama naye. Hapo chuoni kulikuwa na mwalimu mwingine aliyeucheza, na mwalimu huyo akamsimulia mwanafunzi wake mmoja. Mwanafunzi akahitimu, akaenda kufanya kazi ya uandishi na uhariri, lakini ile stori haikumtoka kichwani.

Mwishoni mwa 1979, jamaa huyu akiwa kwenye ndege kuelekea Austin, Texas, akatoa karatasi na kuanza kuandika sheria. Alipofika akawaonyesha marafiki zake wa huko. Hawakuvutiwa. Hakukata tamaa. Mapema 1980 akawaeleza wenzake wa New York, waliokuwa na kawaida ya kula pamoja kwenye mgahawa mmoja wa Kifaransa ulioitwa La Rotisserie Française. Hawa wakaingia mzimamzima. Ndiyo maana mchezo ukaitwa Rotisserie, jina la mgahawa ambao siku hizi haupo tena. Ni sawa na watu wa Same waanzishe mchezo halafu dunia nzima iuite jina la banda lao la chipsi.

MNADA WA DOLA 260

Sheria ya Rotisserie iliyokuja kuzoeleka ilikuwa hii: kila mwenye timu ana dola 260 na anatakiwa kujaza nafasi 23. Kati ya hizo, tisa ni za warusha mpira na 14 ni za wapigaji. Hakuna orodha ya bei. Wanakaa chumba kimoja, mmoja anataja jina la mchezaji, mnada unaanzia dola moja, na wa juu kabisa anamchukua. Akishachukuliwa ndiyo basi, hakuna mwingine kwenye ligi hiyo anayeweza kuwa naye.

Kulikuwa na kifungu kidogo ambacho ndicho kiliushikilia mnada mzima: lazima ubakize angalau dola moja kwa kila nafasi ambayo bado hujaijaza. Kwa hiyo mwenye nafasi kumi zilizo wazi na dola 30 mkononi hawezi kutaja zaidi ya dola 21. Mwenye mihemko aliyetumia dola 200 kwa mastaa watano alijikuta ana dola 60 kwa watu 18. Hapo ndipo wenzake walipokuwa wanamkalia mkao wa kula.

Kabla ya hapo mashabiki walikuwa wanabishana tu nani mchezaji mkali. Kubishana ni bure, mtu anaweza kusema lolote. Pochi yenye mwisho ilibadilisha ubishi. Sasa swali likawa: kama unaamini ni mkali, utamlipia ngapi kati ya hizi 260 zako, na uko tayari kumwacha nani? Mdomo ukalazimika kwenda na hela.

Kilichousambaza mchezo ni mgomo. Mwaka 1981 wachezaji wa besiboli Marekani waligoma katikati ya msimu, na viwanja vikakaa kimya kwa karibu miezi miwili. Waandishi wa michezo wakakosa cha kuandika. Baadhi yao walikuwa wameshaanza Rotisserie, basi wakaandika kuhusu timu zao za kufikirika. Wasomaji wakaipenda. Mwaka 1984 kikatoka kitabu cha sheria, na kufikia hapo hakuna aliyeweza tena kuuzuia.

WENYE MCHEZO HALISI WAKAGOMA

Hapa ndipo stori inapopinda. Kukata bajeti za watu na kuzifanya ziwe sawa kwenye fantasi, kila mtu alifurahi. Lakini jaribu kuwaletea kitu cha aina hiyo wachezaji halisi uone.

Kikapu cha kulipwa cha Marekani, NBA, kilianza mfumo wake wa kisasa wa kikomo cha mishahara msimu wa 1984/85. Kila timu iliwekewa dola milioni 3.6 kwa kikosi. Mpira wa Kimarekani, NFL, ulifuata mwaka 1994 kwa dola milioni 34.6. Wamiliki wa timu za besiboli nao wakataka chao. Chama cha wachezaji kikakataa katakata, kikisema hiyo ni njia ya matajiri kubana mishahara ya wafanyakazi huku wao wakiendelea kuvuna.

Agosti 12, 1994 wachezaji wakaweka magongo chini. Msimu ukafutwa, na fainali kubwa ya mwaka, World Series, haikuchezwa. Mgomo ukaendelea mpaka Aprili 1995. Kikomo cha mishahara hakikupita, na makubaliano yaliyofuata yakaleta utaratibu wa kuzitoza kodi timu zinazotumia sana badala ya kuzifungia pochi.

Yaani mchezo ulioizalia dunia fantasi yenye bajeti sawa, wenyewe halisi hauna bajeti sawa. Na wachezaji hawakuwa wajinga. Kwenye fantasi pochi ni ya mchezo na hakuna anayekosa mkate. Kwenye maisha, ukiweka kikomo lazima uulize ni nani amekiweka, kinambana nani, na kinachobaki kinaingia mfuko wa nani.

KUTOKA MNADA MPAKA ORODHA YA BEI

Uingereza iliupata mchezo mwaka 1991, pale kijana mmoja wa kompyuta alipochukua wazo la besiboli na kulivalisha jezi ya soka. Kufikia 1994 ulikuwa umeingia magazetini na BBC ilikuwa na kipindi cha vichekesho cha televisheni kwa jina la Fantasy Football League. Watu walijaza kikosi kwenye karatasi na kutuma kwa posta.

Mnada haukuweza kuendelea. Watu kumi wanaweza kukaa chumba kimoja kunadi wachezaji, lakini watu laki moja utawaweka wapi? Ikabidi kila mchezaji apangiwe bei, na watu wengi wakaruhusiwa kuwa na mchezaji yuleyule. Hapo ndipo zikahitajika sheria nyingine za kuziba pengo, kama ile ya klabu moja wachezaji watatu. Bila hiyo, timu inayoongoza ligi ingejaza vikosi vya watu wote na mchezo ungekufa.

Fantasi rasmi ya Ligi Kuu ya Uingereza ilianza msimu wa 2002/03 ikiwa na timu takribani 76,000. Miaka 20 baadaye zilikuwa zimevuka milioni 11. Hakuna kiingilio. Ukiwa na simu na bando umeshaingia, na ndiyo maana ikapanda milima mpaka Mamba Miamba kwa wakulima wa tangawizi na ikashuka mpaka Ndungu kwenye mashamba ya mpunga.

BAJETI HAINA UNDUGU

Januari 2020 Watanzania walipata mtihani wao. Nahodha wa Taifa Stars alisajiliwa na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Ghafla jina la nyumbani likawa kwenye orodha ya bei. Februari 1, mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga dhidi ya Bournemouth. Villa walipoteza 2-1, lakini vibanda umiza vilishangilia kana kwamba ni fainali.

Basi kila mwenye fantasi akajikuta na swali. Je, umweke ndugu yako au ufuate hesabu? Nafasi za washambuliaji ni tatu tu. Kumwingiza yeye ni kumtoa mwingine. Ukimwacha unaitwa msaliti, ukimweka unaweza kuporomoka jedwalini. Na ukweli mchungu ni kwamba lile bao la Bournemouth ndilo pekee alilofunga kwenye ligi hiyo kabla ya kuelekea Fenerbahçe Septemba mwaka huohuo. Alifunga jingine fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ila kombe hilo halihesabiki kwenye fantasi.

Waliomweka hawakukosea kwa namna yao. Walilipia mapenzi kwa pointi, na pochi ikawaonyesha bei yake hadharani.

Linganisha na Ligi Kuu ya Bara. Huku hakuna pochi sawa. Hakuna kikomo cha mishahara, mwenye nacho anasajili. Mara ya mwisho kombe kwenda nje ya Simba na Yanga ni Azam msimu wa 2013/14. Baada ya hapo Yanga walichukua mara tatu mfululizo, Simba wakachukua nne, Yanga wakajibu na nne nyingine mpaka 2024/25. Misimu 11, timu mbili. Shabiki wa timu ndogo anajua mwisho wa filamu kabla haijaanza.

SAME NA MIZANI YA MBIRU

Wapare wanataniwa sana kuhusu hela. Watani wao Wachaga hawachoki: eti Mpare akikupa soda anahesabu na kizibo. Kuna na ule utani mwingine, kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Watu wanacheka mpaka basi. Lakini kaa utafakari. Mtu anayeuza ng'ombe kwa kesi ya kuku hagombei kuku. Anagombea kutoonewa.

Na iliwahi kutokea kweli, hapahapa Same. Kwenye miaka ya 1940, chini ya utawala wa Waingereza, ililetwa Upare kodi mpya iliyopewa jina la mbiru, jina lililochukuliwa kwenye ushuru wa kimila wa zamani. Kila mtu angepimwa mali yake na kupangiwa kiwango chake. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani kwa miguu, wakaja mpaka Same kwenye makao ya wilaya, wakapiga kambi. Hawakuja na mikuki. Walikaa tu, wakisema hawaondoki mpaka kodi hiyo iondoke. Mambo yakavuta mpaka 1946, na wanawake nao wakaingia kwenye mapambano wakidai suala hilo limalizwe ili waume zao warudi nyumbani. Mwisho wa yote mbiru ikafutwa.

Mtu wa leo anaweza kushangaa. Kodi ya kulingana na uwezo si ndiyo haki? Mwenye ng'ombe 50 alipe sawa na mwenye mbuzi wawili? Kwenye karatasi mbiru ilikuwa na hoja. Shida ilikuwa kwenye mizani. Nani anakuja kuhesabu kilichomo nyumbani kwako? Anatumia kipimo gani? Akikuonea unamshtaki kwa nani, wakati anayepima na anayetoza ni walewale? Kipimo kisichoonekana ndicho kilichowashusha watu milimani.

Halafu ukumbuke hawa ni watu waliokuwa wanajua kugawana kitu kilicho haba. Upare kuna ndiva, yale mabwawa ya kienyeji ya kukusanya maji ya mifereji kabla ya kuyaachia mashambani, kama lile la Manoo pale Bangalala. Maji hayatoshi kila mtu kumwagilia kila siku, kwa hiyo yanaenda kwa zamu. Zamu inajulikana. Jirani yako akipata leo huumii, kwa sababu unajua yako ni lini. Lakini mtu akifungulia maji usiku nje ya zamu, hapo kesi inaanza, na ng'ombe anaweza kuuzwa.

Ndiyo maana pochi ya milioni 100 haihitaji maelezo marefu ukiwa Same. Bei za wachezaji wote ziko wazi, kila mtu anaziona. Sheria zinatangazwa kabla msimu haujaanza. Hata zikibadilishwa, zinabadilishwa mapema. Kwa mfano msimu wa 2025/26, kwa sababu Afcon ya Morocco ilikuwa inachukua wachezaji kuanzia Desemba, ilitangazwa tangu kabla ya msimu kwamba kila mtu angejaziwa mabadiliko ya bure mpaka matano kabla ya wiki ya 16. Mwenye Waafrika wengi na asiye nao, wote walijua kitu kilekile kwa wakati uleule.

MWENYE TIMU TATU ANA MILIONI 300

Sasa basi, ndani ya simu mambo yako sawa. Tatizo linaanzia nje ya simu, kwenye ile ligi ndogo ya washkaji. Watu 20 wanachanga elfu kumi kila mmoja, inakuwa laki mbili. Mwezi Mei bingwa anachukua. Laki mbili siyo hela ya kuchezea. Ni sare za shule za watoto, ni tairi za bodaboda na chenji inabaki.

Na hapo ndipo sheria ya mwaka 1980 inapovunjwa bila watu kujua. Mchezo unaruhusu mtu mmoja timu moja. Lakini kuna mjanja anafungua akaunti tatu kwa barua pepe tatu, analipa elfu thelathini, na anaingiza vikosi vitatu tofauti. Kila mmoja anaona ni sawa tu, si amelipa? Siyo sawa. Wenzake wana milioni 100, yeye ana milioni 300. Wenzake wana nahodha mmoja, yeye ana manahodha watatu. Wenzake wanalazimika kuchagua nani wa kumwacha, yeye hamwachi mtu. Kitu chote kilichoufanya mchezo uwe mchezo ameshakinunua kwa elfu ishirini ya ziada.

Vikoba walishalitatua hili zamani. Kwenye vikoba vingi mwanachama hanunui zaidi ya hisa tano kwa mkutano mmoja, hata kama ana hela ya kununua 50. Siyo kwamba hela yake mbaya. Ni kwamba wakimwachia, kikoba kinakuwa chake na wengine wanakuwa wageni.

Kwa hiyo ligi ya kijiweni inahitaji karatasi moja tu, iandikwe Agosti kabla mpira haujaanza. Mtu mmoja timu moja. Siku ya mwisho ya kulipa ni ipi, na asiyelipa anatolewa au anadaiwa? Wakilingana pointi inakuwaje? FPL yenyewe inamweka juu aliyefanya mabadiliko machache, ila nyie mnaweza kukubaliana mgawane. Zawadi ni ya bingwa peke yake au mpaka wa tatu? Na kubwa kuliko zote, nani anashika hela? Akiwa na yeye anacheza, basi kuwe na mwingine anayeona salio. Kisha isiguswe mpaka Mei. Ile ya kufika Januari mtu aliye nafasi ya 15 anapendekeza iwekwe zawadi ya kila mwezi kutoka kwenye mfuko uleule, ikataliwe hata kama anayependekeza ndiye aliyeanzisha grupu la WhatsApp.

Wale wa New York walikuwa marafiki wa kula pamoja, na bado waliandika. Hawakuandika kwa sababu hawakuaminiana. Waliandika ili mwisho wa msimu waendelee kula meza moja.

Haya mdau, ligi yenu hapo kijiweni ina watu wangapi, nani kashika mkwanja, na sheria mliiandika wapi? Na kama kuna mwenye timu tatu, mtaje kwa herufi ya kwanza tu, atajijua mwenyewe.